Usiishie Athens

Mpendwa Salma,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia kwamba safari yako ya Ugiriki imeiva, ila nakusihi usiishie Athens. Nenda magharibi mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, kwenye manispaa ya Andritsaina-Krestena, iliyoundwa mwaka 2011 serikali ilipounganisha manispaa ndogondogo. Makao makuu yako Krestena, huko chini kuelekea pwani, lakini wewe panda hadi Andritsaina, mji mdogo wa nyumba za mawe zilizopangana mlimani, kwa sababu kutoka hapo barabara inaendelea kupanda hadi Bassae, liliko hekalu la Apollo Epikourios, mmoja wa miungu ya Wagiriki wa kale.

Pausanias, msafiri wa karne ya 2, aliandika kwamba watu wa Figaleia, mji wa kale wa jirani, walilijenga kumshukuru Apollo kwa kuwanusuru na tauni, na kwamba aliyelisanifu ni Iktinos, yule yule wa Parthenon, hekalu maarufu la Athens. Limesimama kwenye mwinuko wa mita 1,131, likiwa na nguzo 6 upande wa mbele na 15 ubavuni, zote za mawe ya chokaa ya kijivu yaliyochimbwa papo hapo mlimani. Wewe uliyesomea ujenzi utayafurahia mambo yake yasiyo ya kawaida: linaelekea kaskazini badala ya mashariki, kisha ukuta wa mashariki una mlango wa pembeni unaoingiza mwanga wa asubuhi chumba cha ndani. Humo ndani ndimo iliposimama nguzo yenye kichwa cha mtindo wa Korintho, yaani kilichopambwa kwa majani ya kuchongwa, cha kale kuliko vyote vinavyojulikana.

Usishtuke kulikuta limefunikwa kwa hema kubwa jeupe. Tangu 1987 hema hilo linalikinga na mvua, theluji na upepo, kwani maji yakiingia kwenye nyufa na kuganda, jiwe hupasuka. Wapo wanaolalamika kwamba hema linaharibu mandhari. Mimi naona ni afadhali mandhari yapungue kuliko nguzo kuanguka. Sogea karibu na nguzo moja utazame mifereji yake ilivyoliwa na baridi, utanielewa.

Jambo linaloniuma ni mabamba 23 ya marumaru yaliyouzunguka ukuta wa ndani kwa juu, yenye michongo ya Wagiriki wakipigana na Waamazoni, wanawake wapiganaji wa hadithi za kale, na ya vita dhidi ya Masentauri, viumbe nusu mtu nusu farasi. Yalichimbuliwa 1811 na 1812, yakanadiwa kisiwani Zakynthos mwaka 1814, na Waingereza wakayanunua. Leo yako British Museum, jumba la makumbusho la London. Kwa maoni yangu yanastahili kurudi Ugiriki, kwa sababu yalichongwa kwa ajili ya chumba kile kimoja tu.

Ukishuka, pitia maktaba ya Andritsaina, yenye maelfu ya vitabu vya kale alivyovitoa Agathophron Nikolopoulos, msomi aliyeishi Paris. Mji mdogo vile kuwa na hazina ya namna hiyo ni fahari kubwa.

Beba sweta hata kama ni kiangazi, na ukishapata tarehe za safari uniandikie, nikueleze usafiri wa kufika huko.

Rafiki yako,
Zuhura