Muuzaji wa injini ya boti aulize kwanza ziwa liko juu kiasi gani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wenye boti wanaofanya kazi kwenye maziwa yaliyo juu sana, na zaidi niongee na wale wanaowauzia injini. Lalamiko ni lile lile kila mara, injini mpya kabisa lakini haina nguvu, ukifungua resi yote omo, yaani mbele ya boti, inanyanyuka juu, tezi, yaani nyuma, inabaki chini inalima maji, mashine inalia tu boti haitaki kupanda ikakaa juu ya maji, basi anaitwa fundi anabadilisha plagi, anafungua kabureta anasafisha, anabadilisha pampu ya mafuta, pesa inaisha na shida iko pale pale. Na hakuna aliyeinama kuangalia propela.

Injini ya petroli inakula hewa kama inavyokula mafuta. Ukipanda kutoka usawa wa bahari hewa inazidi kuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300. Sasa piga hesabu mwenyewe. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi, kwa hiyo injini iliyoandikwa nguvu za farasi 100 pale ubavuni, ukiifunga kule inabaki kama farasi 89. Naivasha, na Tahoe ya kule Marekani, yote yanakaribia mita 1,900, hapo umebaki na 81 hivi. Ukienda Titicaca mpakani mwa Peru na Bolivia, mita 3,812, zaidi ya theluthi ya nguvu imeondoka na stika bado inasema 100.

Tatizo lenyewe liko hapa, na ndo kitu ninachotamani kila mwenye boti akishike. Hewa imekuwa nyepesi lakini maji hayajawa mepesi. Propela ikikata maji juu kule mlimani inakutana na uzito karibu ule ule iliokutana nao baharini, inadai karibu nguvu ile ile kuzunguka, ila anayeizungusha amepungukiwa. Kwa hiyo mashine inashindwa kufika mizunguko yake. Injini inayolazimishwa kufanya kazi resi yote ikiwa chini ya mizunguko iliyopangiwa inajaza masizi, inapata joto, inakula mafuta bure na maisha yake yanafupika, hata kama kwa masikio inasikika kama imetulia tu. Watu wengi wanadhani mlio wa chini ni dalili ya injini kupumzika, jamani hapana, resi ikiwa imefunguliwa yote mlio ule ni wa mashine iliyoelemewa.

Vua propela uiangalie. Kwenye kitovu chake, au pembeni ya panga, yaani jani la propela, kuna namba zimegongwa, kwa mfano 13 x 19, wakati mwingine zimefunikwa na rangi au uchafu inabidi usugue kwa brashi ya waya. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa kitu kigumu, kama skrubu inavyoingia kwenye mbao. Pichi 19 ni sentimita 48 kwa mzunguko, pichi 15 ni sentimita 38. Kwenye maji halisi haifiki hapo, huwa inateleza, asilimia 10 mpaka 20 ni kawaida kwa boti nyingi za spidi. Pichi kubwa ni gia ndefu, na gia ndefu inataka nguvu ambayo kule juu huna.

Namna ya kuchagua sasa. Fungua kitabu cha injini utafute mizunguko ya resi yote, injini nyingi za kufunga nyuma zinasema kati ya 5,000 na 6,000 kwa dakika lakini usinisikilize mimi sikiliza kitabu chako. Pakia boti mzigo wako wa kawaida, watu unaobeba kweli, tenki lenye mafuta, nyavu, barafu, kila kitu, manake ukijaribu boti tupu umejidanganya. Nenda sehemu ya wazi salama, nyoosha, rekebisha pembe ya injini mpaka boti itulie, fungua resi yote na usome takometa, ile saa inayoonyesha mizunguko kwa dakika. Kama huna takometa azima au nunua, bila hiyo unabahatisha tu. Tuseme imesoma 4,900. Kila inchi moja ya pichi unayopunguza inakuongezea karibu mizunguko 150 mpaka 200, kwa hiyo kutoka 19 kwenda 15 unategemea kufika 5,500 au 5,700, na hapo ndo panapotakiwa, nusu ya juu ya kile kitabu kinachosema. Ikipita 6,000 umeshusha mno, rudi inchi moja au mbili. Kwa ziwa la mita 1,500 wengi hushuka kama inchi 2, lakini hayo ni makadirio ya kuanzia, anayeamua ni takometa. Na ujaribu mchana wa jua kali, maana hewa ya moto nayo ni nyepesi, asubuhi ya baridi itakupa namba nzuri ambayo saa nane mchana huioni.

Najua kinachowatisha watu ni spidi. Wanaona pichi ndogo ni boti ya polepole. Propela kubwa ambayo injini haiwezi kuizungusha haikupi spidi yake, inakupa namba ya kwenye kitovu tu. Ukishusha pichi spidi ya mwisho kabisa inaweza kupungua kidogo, inaweza kubaki vile vile, ila boti inaondoka upesi, inapanda juu ya maji ikiwa na mzigo, na ukikutana na wimbi una nguvu ya akiba ya kulipita. Kwa mtu anayebeba abiria hilo la mwisho lina thamani kuliko kilomita mbili tatu za spidi.

Kuhusu mapanga manne, ndiyo yanashika maji vizuri na boti nzito inasimama vizuri zaidi, lakini panga la nne ni mzigo wa ziada, mizunguko inashuka, so ukitoka matatu kwenda manne kwa kawaida shusha pichi inchi nyingine moja. Alumini au stenlesi? Stenlesi haipindi kirahisi na panga lake ni jembamba, alumini ni rahisi kupata na kutengeneza, mimi sioni haja ya kugombana hapo kabla pichi haijakaa sawa.

Kuna jambo ambalo halisemwi sana. Kwenye upande wa panga unaovuta maji, likizunguka kwa kasi, presha ya maji inashuka mpaka maji yanachemka yakiwa baridi, vipovu vinatokea, vikipasuka vinachimba chuma, utaona panga lina vitobo vidogo vidogo kama limeliwa na mchwa wa chuma. Kule juu hewa inayokandamiza uso wa maji ni ndogo, Titicaca ni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya baharini, kwa hiyo vipovu hivyo vinaanza mapema zaidi. Propela iliyopinda ncha au yenye mikwaruzo ambayo baharini ungeivumilia, mlimani itakusumbua haraka. Inyooshwe kwa fundi mwenye vipimo, siyo kwa nyundo juu ya jiwe.

Halafu kabureta. Injini ya kabureta ikipanda juu inapata mafuta mengi mno kwa hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi, inabidi jeti ndogo zaidi, yaani vile vitundu vya kupitishia mafuta, kwa kufuata kitabu. Zile za kompyuta zinazopuliza mafuta zinajirekebisha mchanganyiko zenyewe, lakini hazirudishi nguvu iliyopotea, kwa hiyo bado propela inahusika. Na ole wako ushuke na hiyo boti kwenda pwani na jeti zile zile ndogo, mafuta yatakuwa machache, pistoni itapata joto la kuiyeyusha, na ile propela ya pichi ndogo itaachia injini izunguke kupita kiasi. Mwenye boti inayosafiri kati ya juu na chini awe na propela mbili na jeti za pande zote mbili, na aandike kwenye boksi ipi ni ya wapi. Mota za umeme hazina habari na hewa, hizo ziko salama kwenye jambo hili.

Mhariri, ninachoomba kwa wauzaji ni kidogo. Kabla hujampa mtu injini muulize boti itakaa ziwa gani, lina mita ngapi juu ya bahari, na itabeba uzito gani. Usimfungie tu propela iliyokuja kwenye boksi, ile imechaguliwa na mtu asiyejua boti inakwenda wapi. Uwe na propela mbili tatu za majaribio, mteja azijaribu majini na mzigo wake, arudishe asizozitaka. Usimshauri pia anunue injini kubwa zaidi bila kusoma kile kibati kwenye boti kinachosema mwisho farasi wangapi, injini nzito kupita kiasi nyuma ya boti ndogo inazamisha watu.

Na wale wenye boti za uokoaji kwenye maziwa ya juu nawasihi kwa jina la wanaosubiri kuokolewa, msipime boti ikiwa na dereva peke yake. Ijazeni watu kama itakavyorudi imejaa, someni takometa, muandike namba na tarehe kwenye daftari la boti, na kila propela ikibadilishwa au ikigonga mwamba mrudie kipimo hicho kabla haijaitwa kazini.

Msomaji wako, mwenye boti