Wapolandi wa Ifunda na yule dogo wa Kigoma kwenye basi

Ndugu Mhariri, kamwene, pole na kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mtu wa viazi tu, nachukulia Makambako napeleka Tunduma, mzigo unatangulia na Fuso mimi nafuata na basi kwa hiyo stori za abiria nazisikia sana.

Juzi ubishi ulikua wa Marekani. Si unajua Trump alivyoingia tu Januari 2025 akasimamisha kupokea wakimbizi, wako watu walishafanyiwa usaili na vipimo miaka na miaka, wengine na tiketi mkononi, safari ikafutwa. Mkongo aliyekaa Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma, tangu inafunguliwa 1996 kaambiwa asubiri. Halafu Mei hiyohiyo ikatua ndege na Makaburu 59 kutoka Afrika Kusini, wakapokelewa na vigogo wa serikali, miezi michache tu wameshamaliza foleni. Na kwa mwaka wa fedha wa 2026 nafasi za wakimbizi zikashushwa toka 125,000 hadi 7,500 na nyingi wakatengewa haohao.

Mzee mmoja siti ya mbele akasema, sasa shida iko wapi, nchi ni yao, hata wewe mgeni wa sebuleni kwako unamchagua. Mi nikamwambia mzee shikamoo lakini hapana, mgeni wa sebuleni anakuja na kuku na anapiga simu kwanza, mkimbizi anagonga saa nane usiku na nyuma yake kuna mtu ana panga, sa utamuuliza kabila? Mkataba wa wakimbizi wa 1951 ibara ya 3 inakataza kubagua kwa rangi, dini wala nchi mtu anayotoka, na Marekani waliukubali kupitia ile Itifaki ya 1967. Kuweka idadi ni sawa, kila nchi ina uwezo wake. Ila ndani ya hiyo idadi aangaliwe nani yuko hatarini zaidi.

Nikawakumbusha na Ifunda, hiyohiyo mnayoijua kwa shule ya ufundi. Wakati wa vita ya pili walikaa Wapolandi pale, na wengine Kidugala kule Njombe, wanawake na watoto ndo wengi. Warusi waliwabeba wakawatupa Siberia, wakatokea Uajemi, Waingereza wakawaleta huku kwetu kwenye baridi na ukungu. Makaburi yao yapo. Sisemi babu zetu waliwapokea kwa ukarimu, hapana, hakuna Mhehe wala Mbena aliyeulizwa, aliamua mkoloni na mzungu alikaa kivyake. Lakini wazungu nao walikimbia na wakapewa pa kulala Iringa, basi lote likacheka.

Sasa ndo hapo Mhariri. Kabla ya kufika Mbeya basi likasimamishwa kwenye kizuizi, wakapanda maofisa wawili wakapita katikati wanaangalia sura. Wakafika kwa dogo mmoja, mweusi tii, mrefu, Kiswahili chake cha Kigoma kile cha kuvutavuta. Kitambulisho? Akatoa namba ya NIDA, kadi hajapewa. Shuka chini. Tukakaa kama nusu saa hivi dereva anang'aka kuhusu muda. Jirani yangu ananong'ona eti huyo Mrundi huyo. Kwani akiwa Mrundi? Mwaka 2014 serikali yetu wenyewe iliwapa uraia Warundi waliokuja 1972, zaidi ya 160,000, wale wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, kwa hiyo awe Muha awe mjukuu wa hao ni Mtanzania kama mimi tu. Lakini hiyo hoja naiandika leo, pale kwenye basi sikuisema. Mimi niliyetaja ibara ya 3 kwa sauti mpaka kondakta akageuka, nilikua naangalia dirishani.

Dogo akarudishwa, hakutukana mtu, akavaa kofia akalala hadi Tunduma. Au alijifanya amelala. Ubishi wa Trump haukuendelea tena na mzee wa mbele hakuniangalia.

Mhariri, hata mimi kadi sina, nina namba tu imeandikwa kwenye kikaratasi ndani ya waleti, mwaka wa tatu huu napita vizuizi vyote vya njia hii na hakuna aliyewahi kuomba kuiona.

Mtu wa viazi,
Makambako