Mume wangu amefariki, wakusanya madeni wananidai mimi

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mjane, naishi Tanga na wanangu, na nakuandikia kwa sababu mkopo alioacha marehemu mume wangu umekabidhiwa kampuni ya kukusanya madeni, nayo inanidai mimi.

Marehemu alikuwa fundi wa mashine za kusaga. Mwaka 2023 alikopa shilingi 3,000,000 katika taasisi ya mikopo midogo ili anunue mota na vipuri, akawa anarejesha bila kuchelewa mpaka alipougua. Stakabadhi ya mwisho, niliyoikuta kwenye mkoba wake wa spana, inaonyesha salio la shilingi 1,350,000. Siku ya maziko shemeji yangu alitangaza, kama ilivyo ada, kwamba anayemdai marehemu aje kwa familia. Wenye madeni ya dukani walijitokeza wakalipwa. Taasisi haikuleta mtu, ingawa tuliipelekea nakala ya cheti cha kifo.

Nikiwa bado katika eda, simu zikaanza. Kijana anayejitambulisha kuwa afisa wa ukusanyaji anasema deni sasa ni shilingi 2,180,000 kwa ajili ya "adhabu na gharama za ufuatiliaji", lakini barua aliyoiacha kwa mjumbe haina mchanganuo wowote wala muhuri wa mahakama, na namba ya kulipia imesajiliwa kwa jina la mtu binafsi. Anasema nisipolipa kabla ya mwisho wa mwezi atakuja na gari kuchukua friji pamoja na cherehani yangu, ambayo ndiyo inayotulisha. Kilichoniumiza kuliko yote ni ujumbe aliomtumia mwanangu aliye chuoni: "Mwambie mama yako aache kujificha nyuma ya eda." Mtoto huyu hakukopa wala hakumdhamini mtu, nadhani baba yake aliandika namba yake kwenye fomu kama ndugu wa karibu.

Sitaki ieleweke kwamba nakimbia deni. Surat An-Nisaa, aya ya 11, inaagiza mirathi igawanywe baada ya wasia na deni, na mimi sina raha nikijua kwamba mume wangu ameondoka na haki ya mtu. Shemeji ameteuliwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, na kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kisha kuwagawia warithi kinachobaki. Shamba la michungwa la Muheza lipo na halijagawanywa. Kwa ufahamu wangu, basi, mdai alipaswa kupeleka dai lake kwa msimamizi pamoja na mkataba na hesabu zake, na wa kuja kukamata mali ni dalali wa mahakama mwenye amri mkononi, si kijana wa simu.

Lakini lipo jambo linalonitatiza zaidi ya vitisho. Katika karatasi ya kutolea mkopo, miongoni mwa makato, yameandikwa "bima ya mkopo, 45,000". Bima ya namna hii kwa kawaida hukatwa ili mkopaji akifariki, kampuni ya bima ilipe salio. Nilipomuuliza afisa mikopo alinijibu kwamba faili limeshatoka mikononi mwake, niongee na wakusanyaji. Wakusanyaji nao wanasema habari za bima haziwahusu. Shemeji anashauri tuuze mavuno ya msimu huu tulipe yaishe, ili marehemu apumzike. Namheshimu, na najua ana uchungu na kaka yake, ila nahofia deni moja kulipwa mara mbili na fedha za mayatima kuishia kwenye simu ya mtu.

Naomba unisaidie. Nilisaini fomu ya mkopo mahali palipoandikwa "mwenzi ameridhia". Je, saini hiyo inanifanya kuwa mdhamini? Suala la bima tulifuatilie kwa taasisi, kwa kampuni ya bima, au twende moja kwa moja Benki Kuu, ambayo ndiyo inayosimamia taasisi hizi chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018? Ujumbe aliotumiwa mwanangu unaweza kulalamikiwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022? Na nikilipa kiasi chochote sasa kwa jina langu, hata kidogo cha kutuliza simu, nitahesabiwa kuwa nimelikubali deni hili kuwa langu?

Wako,
Mjane, Tanga