Utoro wa lambo ufunguliwe kabla ya mvua: barua ya wazi kwa Jumuiya yetu ya maji

Wanangu wa kamati ya Jumuiya ya Watumia Maji, na ninyi wajukuu zangu mnaovua pale lamboni,

Mwangaluka. Kikao cha Jumapili kiliisha kabla sijapewa nafasi ya kusema. Huenda ilikuwa heri, maana ningesema kwa hasira nikasahau nusu ya maneno. Sasa nimekaa chini ya mwembe wangu, mjukuu ananiandikia kwenye simu, na hasira imepungua kidogo.

Juzi nilitembea juu ya tuta lote mpaka utoroni, pale maji ya ziada yanapotokea lambo likijaa. Nilikuta viroba vya mchanga safu tatu, vimepangwa vizuri kabisa, fundi hakukosea. Mbele yake pana uzio wa fito, na migono minne, mitego ya samaki, imefungwa kwa kamba ya katani. Nimeulizia. Viroba ni vya kamati: mnataka lambo lishike maji zaidi, ili mwakani mwezi wa Septemba akina mama wasilale foleni na ndoo. Uzio ni wa vijana: mvua ikinyesha lambo likijaa, perege na kambare wasiponyoke kwenda bondeni. Shida zote mbili nazijua, sijaja kuwatukana.

Lakini sikilizeni neno lenyewe. Utoro. Shuleni mtoro huchapwa. Lamboni mtoro ndiye mlinzi wetu. Tuta letu ni la udongo. Udongo ulioshindiliwa vizuri huvumilia maji yakiuegemea ubavuni miaka na miaka. Yakipita juu ya mgongo wake, hauvumilii hata usiku mmoja. Yakishukia upande wa nyuma huanza kuchimba kule chini, shimo linakula kurudi juu kuelekea kwenye maji, na likishafika kwenye maji hakuna koleo wala maombi. Ndiyo maana waliojenga waliacha nafasi kati ya usawa wa utoro na kilele cha tuta. Nafasi ile mnayoiona tupu haikusahaulika. Ni ya mvua moja kubwa ambayo haitoi taarifa. Mkiweka viroba, hamjaongeza lambo, mmekula akiba ya usalama wake.

Tena kilele chenyewe si kile mnachokidhania. Nendeni pale ng'ombe wanapovukia. Kwato zimekata njia, na nikisimama ndani yake kingo za pande zote mbili zinanifika magotini. Urefu wa tuta letu ni pale, hata kama kwingine kote limeinuka. Maji hayapimi wastani, yanatafuta pabovu.

Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, au mlikuwa mgongoni, mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mimi nilikuwa kibarua wa ulinzi kwenye bwawa moja la udongo, jina nitaliacha. Kazi yangu ilikuwa kusoma ubao wa kipimo asubuhi na jioni na kuandika kwenye daftari. Matete yalikuwa yameota utoroni tangu kiangazi. Niliandika daftarini, nikamwambia mkubwa wangu, akasema fedha ya kufyeka itakuja. Usiku mmoja maji yalipanda nikiyatazama kwa tochi. Utoro ulikuwa unapumua kwa pua moja: matete yamekamata magogo, magogo yamekamata taka, na juu yake mtu alikuwa ameweka uzio wa samaki, kama huu wenu. Tuliingia watu sita na mapanga, tumefungana kamba kiunoni, maji ya kifuani. Tulipokata fito ya mwisho uzio mzima uliondoka kwa kishindo, ukamkwaruza mwenzangu mmoja shavuni, na kovu lile alizikwa nalo. Alfajiri nilipima kwa kiganja: kati ya maji na kilele cha tuta palikuwa na viganja viwili. Fedha ya kufyeka ilikuja mwezi wa Aprili.

Mjukuu wangu huyu anayeandika amenisomea habari ya Marekani, nikamwambia airudie mara mbili. Kulikuwa na bwawa la udongo South Fork, jimbo la Pennsylvania, mali ya klabu ya matajiri waliokuwa wakienda kupumzika na kuvua. Waliweka nyavu za chuma utoroni ili samaki wao wasitoroke. Kilele cha tuta walikishusha ili magari ya farasi yapite, na katikati pakawa pamebonyea. Tarehe 31 Mei 1889 mvua kubwa ilinyesha, takataka zikaziba zile nyavu, maji yakapita juu ya tuta, likaondoka lote. Mji wa Johnstown uliokuwa chini ulipoteza watu 2,209. Matajiri na samaki wao, sisi na perege wetu. Na msiseme ni mambo ya mbali na ya kale: Solai, kaunti ya Nakuru, hapo Kenya, bwawa la shamba lilipasuka usiku wa Mei 2018, wakafa watu zaidi ya 40.

Basi viroba vitoke, na mchanga wake msiumwage kwenye njia ya ng'ombe, maana mchanga unapitisha maji. Pale panataka udongo wa kichuguu, uloweshwe kidogo, ushindiliwe tabaka kwa tabaka. Ng'ombe wapewe njia nyingine. Mimi nina ng'ombe pia, nitakuwa wa kwanza kuzungusha.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Mikaratusi iliyoota mgongoni mwa tuta: ile midogo ing'oeni sasa. Ule mkubwa msiukate kabla mhandisi wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, hajauona, kwa sababu mizizi ikioza inaacha mabomba ndani ya udongo. Ukoka uacheni, ndio nguo ya tuta. Mashimo ya panya na kenge yajazwe. Koki ya bomba la kutolea maji ifunguliwe na kufungwa kila mwezi hata kama hatuihitaji; mara ya mwisho niliona watu wanne wanaipiga nyundo. Wanaosafishia pampu za dawa ya tumbaku ukingoni, hilo sitaki hata kulieleza. Mnakunywa humo.

Wafyatua matofali naomba wanisikilize zaidi. Mmeanza kuchimba udongo chini ya tuta, upande wa nyuma, kwa sababu pana unyevu na jembe linazama. Unyevu ule ni maji ya lambo yanayopenya, na mguu mnaouchimba ndio tuta linausimamia. Katika shimo lenu la mwisho nilikuta chemchemi ndogo, upana wa kidole. Nilikinga maji yake kwenye chupa ya soda nikaiweka dirishani. Yametulia meupe, chini hakuna kitu. Hiyo ni habari njema kwa leo. Siku chupa ikionyesha tope chini, jueni tuta linatoka kidogo kidogo kutoka ndani, na hapo msiitishe kikao, pigeni simu RUWASA na ofisi ya maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, na walio bondeni wahame siku hiyohiyo. Kaya za bondeni zinajulikana, na wengine wamejenga mabani ya kukaushia tumbaku na nyumba karibu mno. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka shughuli za kudumu za binadamu zikae mita 60 kutoka ukingo wa maji, lakini hilo nawaachia serikali ya kijiji, mimi sina muhuri.

Kuna aliyesema kikaoni kwamba tusijisumbue, maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, Nzega na Igunga, yatafika na kwetu. Inshallah yafike. Hata siku yakifika, lambo halitahama kwa heshima ya bomba. Litabaki juu yetu na maji yake yote, isipokuwa hapatakuwa na mtu wa kulitazama.

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, nitakuwa utoroni na panga langu. Mwenyekiti aje na daftari jipya, tuanze kuandika kina cha maji na hali ya ile chemchemi. Migono minne nimeshaifungua, iko hapa chini ya mwembe. Wenyewe waje kuichukua. Mmoja ulikuwa na kambare, tumemla.

Babu yenu