Tani na shilingi pekee hazitoshi kuongoza uvuvi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini naamini kwamba matokeo ya utafiti wa bahari yanapaswa kuwa msingi wa kuamua lini, wapi na kwa zana zipi tuvue katika mwambao wetu.

Anayefika Soko la Samaki Feri wakati wa mnada wa asubuhi ataona mafungu ya tasi na changu wasiozidi urefu wa kiganja yakinadiwa kando ya samaki wakubwa. Hotuba za bajeti ya uvuvi hututajia tani zilizovuliwa na thamani yake kwa shilingi, lakini tani moja ya samaki wachanga na tani moja ya samaki waliokwisha kutaga mara kadhaa husomeka sawa kwenye karatasi, ilhali kwa bahari hizo ni hasara mbili zisizolingana hata kidogo. Jumla inaweza kubaki ileile kwa miaka huku wazazi wakiisha, nasi tusishtuke mpaka mishipi na nyavu zirudi tupu.

Kamba ni ushahidi tulionao hapa nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 2000 Serikali ililazimika kusimamisha meli zilizokuwa zikivua kamba kwa nyavu za kukokota, baada ya mavuno kushuka. Kamba hutaga baharini, watoto wake huchukuliwa na maji hadi kwenye mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji, hukulia humo na kisha hurudi baharini. Kwa hiyo anayekata mikoko anapunguza kamba, hata kama hajawahi kushika wavu. Hata hivyo mikoko iko chini ya wakala wa misitu na kamba wako chini ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na utafiti unaoyatazama mazingira yote kwa pamoja ndio unaoweza kuziketisha ofisi hizo kwenye meza moja.

Wataalamu tunao. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1980 na ina kituo hapa Dar es Salaam, na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja. Kinachosikitisha ni uhaba wa vipimo vinavyofuatana. Meli ya utafiti ya Dr Fridtjof Nansen ilipima samaki katika bahari yetu mwaka 1982 na 1983, kisha ikarudi mwaka 2018. Katika pengo hilo la miaka 35 mtoto wa mvuvi amekuwa nahodha.

Nasisitiza pia kwamba utafiti usiwaache wavuvi nyuma, kwa kuwa wao ndio wanaoijua miamba kwa majina. Huko Shelisheli wavuvi wa dema walijua tangu zamani kwamba tasi hukusanyika kutaga kwenye miamba fulani nyakati za mwezi mpevu, na watafiti walipofuatilia walikuta ndivyo ilivyo. Maarifa ya aina hiyo yakithibitishwa huku kwetu, tunaweza kufunga mwamba mmoja kwa siku chache tu badala ya kufunga eneo kubwa kwa miezi na kuzinyima familia riziki.

Naiomba Wizara ianze na mialo ya Feri, Kunduchi na Kigamboni. Kwa mwaka mzima, kusi na kaskazi, samaki wapimwe urefu na kukaguliwa mayai, zana na mahali walipovuliwa viandikwe, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili mbele ya vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi kabla ya leseni za mwaka unaofuata kutolewa.

Mkazi wa Kigamboni,
Dar es Salaam