Bima ya wizi wa wafanyakazi isiuzwe nusu nusu

Mhariri,

Mimi ni muuzaji wa vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu, na ninaandika kuhusu bima inayomfidia mwajiri anapoibiwa na mfanyakazi wake. Wakala aliyeniuzia alisema nitalala usingizi. Miezi michache baadaye tulihesabu bidhaa, tukakuta mabati na mifuko ya saruji imepungua, na kampuni ikakataa kulipa kwa sababu upungufu wa stoo ambao haukujulikana umesababishwa na nani haukuhesabiwa kuwa wizi, jambo lililokuwa limeandikwa kwenye mkataba wangu, kwa Kiingereza cha herufi ndogo.

Sina ugomvi na sharti lenyewe. Bima hii hulipa hasara itokanayo na udanganyifu wa mfanyakazi anayeweza kutambuliwa, mradi igunduliwe ndani ya muda uliowekwa. Tena mwajiri akishajua kwamba keshia wake ni mwizi, kisha akambakiza kwenye droo ya pesa kwa huruma, hasara atakayoleta keshia huyo baadaye ni ya mwajiri mwenyewe. Vilevile, ukiwa uliahidi kwenye fomu kulinganisha risiti na mauzo kila jioni, nawe hulinganishi, dai lako liko mashakani. Haya ndiyo wakala anayopaswa kumweleza mteja kabla ya kupokea malipo.

Ninalisisitiza kwa sababu mwajiri aliyekosa fidia huigeukia mishahara. Wapo wanaogawa upungufu kwa vijana wote wa duka, hata mpakiaji wa mchanga ambaye hajawahi kushika funguo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inaruhusu kumkata yule aliyekabidhiwa pesa kwa mujibu wa mkataba wake, ikiwa zimepungua kwa uzembe au kwa kukosa uaminifu. Wenzake haiwagusi, na makato yote hayaruhusiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Nami, nakiri, niliwakata wote mwezi ule. Nilipoonyeshwa kifungu hicho nilirudisha pesa, ila vijana wawili walikuwa wameshaondoka.

Naiomba Mamlaka ya Kudhibiti Bima izitake kampuni ziambatishe kwenye kila mkataba wa aina hii ukurasa mmoja wa Kiswahili unaotaja hasara zisizolipwa, na mteja autie sahihi mbele ya wakala.

Mfanyabiashara,
Kibuye, Kisumu