Ramani ya joto kabla ya kikao cha Jumamosi

Ndugu wanakikundi wa Mbeya na Iringa,

Naomba kila mwenye tovuti ya kahawa, chai au nyumba ya wageni aje na ramani ya joto ya ukurasa wake wa kwanza, ambayo huonyesha kwa rangi nyekundu mahali panapobofywa sana na kwa buluu mahali panapobofywa kidogo. Microsoft Clarity, programu inayotengeneza ramani hizo, hutolewa bure. Tazameni ramani ya wanaotumia simu peke yake, kwani ikichanganywa na ya wanaotumia kompyuta hupotosha. Wageni wa tovuti wanapobofya mara kwa mara picha isiyo na kiungo, huenda wanatafuta maelezo ambayo hatujawapa, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia marekebisho. Rangi hazielezi sababu. Wateja waulizwe pia. Tafadhali hakikisheni majina na namba za simu zinazojazwa kwenye tovuti zimefichwa, kwa kuwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mratibu